Kapo Iliyofunguliwa Mwenyewe Akiwa Kibua

Nyinyi vijana mutakaosoma hii, najua munaninung'unikia. Munasema bibi ni mukali, nyumba yake iko na sheria kama kambi ya waaskari. Munasema hata kuchungulia sufuria ya mugeni kwake ni kesi. Mukae basi, niwaambie ile sheria ilitoka wapi. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa primeri, halafu baba akasema shamba linaningoja. Kuandika kwa uzuri sijui. Nitaandika vile mambo yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya vita. Musiniulize vita gani, maana huku Masisi ziliingia moja nyuma ya ingine, hata sisi wenyewe tulishindwa kuzitenganisha. Tulikaa Muheto, juu kidogo ya barabara. Bwana yangu alikuwa fundi wa mutukari, wa magari. Garaji yake ilikuwa mabati juu ya miti ya mukaratusi, na shimo alilochimba mwenyewe ili aingie chini ya kamyo, yaani lori, aone tumbo yake. Kamyo za kwenda Walikale, kama zilitaka kugonjwa, ziligonjwa kwetu, kwa sababu kile kilima hakina huruma na moteri.

Garaji ilikuwa na sheria moja, na yeye njo aliiweka: kapo, kile kifuniko cha moteri, haifunguliwe kama mwenye mutukari hasimami pale. Mwenyewe asimame, aone. Kila kitu kinachotoka ndani kiwekwe juu ya bashi, ile turubai, mbele ya macho yake. Haikuwa maringo. Kilima cha pili kulikuwa fundi mwenzake, muntu mupole. Siku moja mufanyabiashara mumoja akasema fundi alimuibia pompe ya mazutu, yaani ya dizeli, akabadilisha na nzee iliyochoka. Yule aliyesema alikuwa na shemeji mwenye bunduki. Walikuja kumuchukua muchana, watu wakiangalia. Aliporudi nyumbani mukono wake wa kuume haukuweza tena kushika kle, ile spana ya kazi. Hakuna aliyeuliza kama ile pompe iliibwa kweli. Miaka ile neno moja lilitosha.

Sasa musikie juu ya bwana yangu na moteri. Yeye alipenda moteri ya mazutu. Alisema ya esanse, ya petroli, inaringa: inataka plagi safi, inataka karburateri safi, ikinusa maji kidogo inakataa kazi. Ya mazutu ni kama mama wa shamba. Asubuhi anakohoa, halafu anapanda kilima na muzigo mupaka jioni.

Siku moja nikamuuliza:

— Na miye niko moteri gani?

— Weye? Mazutu kabisa.

Siku ile alikula bugali bila mboga.

Lakini kulikuwa moteri moja ya esanse ambayo aliiheshimu, na hakuwahi kuiona. Wakati wa ujana alijifunza ufundi kwenye garaji ya plantasyo moja ya chai, na kwenye ukuta kulikuwa picha ya mutukari ya mbio, nyekundu, chini-chini kama chura anayetaka kuruka. Mukubwa wa garaji aliwaambia kwamba ndani kuna silindri kumi na mbili, sita huku, sita kule, na sauti yake inaingia mu kifua ya muntu. Ile picha haikutoka kichwani kwake. Batoto wetu walipokuwa wadogo, aliwafanyia ile sauti kwa mudomo, mupaka mate yanawarukia. Alisema: «Mbele ya kufa kwangu, nitaisikia.» Mimi nilimwambia asikie kwanza mutoto analia.

Basi siku moja mvua ilikuwa imenyesha, sisi wanamuke tulikuwa tunatoka shambani na vikapu. Tukasikia kitu inalia chini ya kilima. Moteri, lakini sauti yake nyembamba, kama mbuzi aliyekamatwa na kamba. Tukaangalia: mutukari nyekundu, chini-chini, iko inateleza kwenye matope. Nyuma yake kamyo imejaa chumvi na sabuni. Mwenye vyote viwili alikuwa mufanyabiashara wa upande wa Butembo, Patro mumoja, ndivyo tunavyoita tajiri, tuliyemujua, muntu munene wa adabu, rozari inaning'inia mbele ya kioo. Barabara hii aliipita mara nyingi.

— Bamama, munisaidie kusukuma.

Tukatua vikapu. Mimi mwenyewe niliweka bega. Yeye ndani anakanyaga, moteri inalia, matope yanatupiga usoni, mutukari inapanda hatua ya kobe. Mama Katekista, jirani yangu, muke wa katekista wetu, kinywa yake haijui kufunga:

— Patro, hii njo mutukari ya mbio? Mbio yake ni siye!

Tulicheka, tukasukuma mupaka garaji. Mukumbuke hiyo sauti, na mukumbuke kwamba moteri ilikuwa inatembea wakati tulisukuma. Hii habari itarudi.

Bwana yangu alikuwa anagonga chuma ndani ya shimo, hakusikia kitu; alitoka moteri ikiwa imezimwa. Alipoona ile mutukari, aliacha kle ianguke. Sijamuona tena na uso kama ule, hata siku ya ndoa yetu, na siku ya ndoa alikuwa na furaha. Alipangusa mikono kwenye suruali mara nyingi, na bado hakuigusa.

Patro akamueleza. Kuna muntu Walikale anayeingoja, ainunue. Lakini gurudumu ya mbele inalia, rulema imekufa, ni vile vyuma vya mviringo vinavyofanya gurudumu izunguke.

— Papa Fundi, tengeneza rulema tu. Kapo usiiguse. Fungio yake imevunjika, niliifunga na kamba.

Ni kweli, kapo ilifungwa na uzi ya buluu ya kushona magunia. Na juu ya uzi, fundo lake. Lazima mujue hii: wafanyabiashara wa barabara yetu, kila mumoja alikuwa na fundo lake. Anashona gunia, anamaliza kwa fundo ambalo wengine hawafungi. Gunia ikifunguliwa njiani, hata ikishonwa tena vizuri namna gani, mwenyewe anajua. Fundo la yule Patro tulilijua wote. Hakuna muntu aliligusa. Patro akapanda kamyo yake, akaenda Kibua, mbele kwenye barabara ya Walikale, kushusha chumvi na kupakia mafuta ya mawese.

Bwana yangu akatengeneza rulema. Kazi iliisha, lakini yeye hakuondoka pale. Akaosha mutukari. Akaiosha tena. Aliizunguka kama muntu anayemuzunguka mugonjwa. Chakula ikapoa. Nikamuuliza:

— Papa, ile fundo unaiona?

— Naiona.

— Basi iendelee kuonekana.

— Mama, nitafungua nini? Naiangalia tu.

Asubuhi iliyofuata nilienda kuchimba viazi. Niliporudi, nilimukuta ameikaa juu ya bido, kidumu cha mafuta, amegeuzia mutukari mugongo. Kapo ilikuwa juu. Uzi ya buluu ilikuwa chini, imekatwa na kisu.

— Kuja uangalie, akasema.

Nikaangalia. Mimi si fundi, lakini nimeishi na fundi. Ndani ya ile kinywa kubwa kulikuwa moteri kidogo, ya mafuta-mafuta, imekaa peke yake katikati kama mutoto kwenye kitanda ya wazee. Pembeni ungeweza kulaza mbuzi wawili.

— Hii ni moteri ya taksi, Mama. Ile taksi kidogo ya Goma. Silindri ine. Ine! Nimetengeneza kama hizi mupaka nimechoka.

— Na hii mwili yote nyekundu?

— Gonga.

Nikagonga. Ililia kama beseni ya kunawia.

— Plastiki, akasema. Walichukua taksi, wakaivua nguo zake, wakaivalisha koti ya tajiri. Angalia kulehemu hapa. Hata chuma ya kushika moteri ni ya kitanda.

Aliniambia mengine mengi. Kwamba afazali ingekuwa imekufa, afazali ingekuwa bila moteri kabisa. Kwamba moteri mubaya ya mazutu angeisamehe, maana mazutu haijidai. Sauti yake ilikuwa inakatika. Yeye alililia moteri, mimi niliangalia kamba.

— Papa, mwenyewe akirudi atakuta nini?

— Atakuta moteri ya taksi.

— Atakuta kamba imekatwa, na moteri kidogo. Na nani alikuwa hapa peke yake?

Hapo njo aliamuka juu ya bido. Nikaona ile furaha na ile huzuni vyote vinatoka usoni, inabaki woga tu. Aliangalia mukono wake wa kuume. Nilijua anamufikiri nani.

Akaokota uzi.

— Mama, weye unashona magunia ya maharagi kila musimu. Ile fundo unaijua.

Niliijua. Ningeifunga hata macho yamefungwa.

— Siifungi.

— Mama, nakuomba.

— Ufikiri. Patro anaendesha mutukari kule Walikale, wanafungua, wanakuta moteri ya taksi. Atasema: ilipita wapi? Muheto. Ililala kwa nani? Kwa fundi. Na hapo watu watakuta na fundo ya uongo juu. Kwanza utakuwa mwizi, halafu miye nitakuwa muke wa mwizi anayefunga mafundo.

— Basi niende kwa dada yangu, nikae kule mupaka ipite.

— Anayekimbia njo anaonekana mwizi. Ikaa.

Nilienda kuita Katekista na muke wake, na muzee wa mulango wa tatu. Nikawaambia: muangalie, mukumbuke munaona nini, kapo itabaki hivi wazi mupaka mwenyewe afike. Katekista alikuna kichwa.

— Mama, na kama akisema siye pia tulisaidia kuiba?

— Basi tutakuwa wengi.

Hakupenda ile jibu, lakini alibaki.

Nikachukua kiti yangu na maharagi ya kuchambua, nikaikaa mbele ya ile mutukari. Kila siku nilikaa pale. Kukinyesha, tuliweka bashi juu ya miti, ila kapo haikufungwa. Watu walikuja kuangalia. Wasukuma-chukudu, wenye mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, walisimama na magunia yao, wakachungulia, wakaenda kueleza wenzao. Mimi niliwaacha. Nilifikiri, macho mengi ni ulinzi.

Lakini moyo haukutulia. Kila kamyo iliyopanda, bwana yangu aliacha kazi, akasikiliza, halafu akasema: «Siyo yake.» Alianza kulala na viatu. Alitaka tuzike kle zake chini ya migomba. Nikakataa, fundi asiye na kle watasema amejiandaa kukimbia. Waaskari walipita, sijui wa upande gani, mumoja akaingiza kichwa ndani ya kapo:

— Mama, hii moteri ni ya kusaga muhindi?

Wenzake wakacheka, wakachukua ndizi zetu, wakaenda. Nilikuta nimechanganya maharagi mabaya na mazuri, nikaanza upya.

Halafu habari ikafika kwamba barabara ya Kibua imeharibika, kuna kamyo zimechomwa. Hapo woga ukawa mara mbili. Kama Patro amekufa, ndugu zake njo watakuja kutafuta mali yake. Hawakusikia ile moteri ikilia kwenye kilima. Nilijikuta naomba Mungu amulinde yule muntu niliyemuogopa, afike muzima, hata kama anakuja kutuharibu.

Alifika. Ilikuwa nyuma ya saa tisa, mvua nyembamba. Bwana yangu njo alisikia wa kwanza, akainua kichwa.

— Ni yake. Lakini inavuta hewa. Musikie inavyokatika.

Kamyo ikapanda inakohoa, imejaa mabido ya mafuta, konvuayeri, wale vijana wa muzigo, wanaikalia juu. Patro akashuka. Macho mekundu, matope mupaka magotini. Kutoka barabarani aliona kapo iko juu, na watu wamejaa, kwa sababu nyuma ya ile kamyo kila muntu alikuja kuona itaishaje.

Hakupiga kelele. Na nikaona kitu ambayo sikuielewa palepale. Muntu aliyeibiwa anakimbilia kwanza kitu yake. Yeye hakuangalia ndani ya kapo hata kidogo. Aliangalia nyuso zetu, mumoja mumoja.

— Nani alifungua?

— Miye, Patro, bwana yangu akasema.

— Nilisema nini?

— Ulisema nisiiguse.

— Na hawa wote? Waliona?

— Tuliona, Patro, Mama Katekista akajibu. Hata kuku waliona.

Akamushika bwana yangu mukono, akamuvuta nyuma ya jiko. Mimi nikafuata, hakuna aliyeniita. Akasema kwa sauti ya chini:

— Munajua mulifanya nini? Muntu wa Walikale alikuwa anaingoja. Sasa kila shofere wa hii barabara anajua iko na nini ndani. Huko njiani wananiuliza kama nimeuza mashine ya kusaga.

Hapo njo nilielewa.

— Patro, ulijua.

Akageuka kwanza kuangalia kama kuna anayesikia. Halafu:

— Waliniuzia Goma. Niliamini rangi, Mama. Nilifungua nikiwa nimefika Sake. Kurudi Goma, barabara ilikuwa imefungwa Mubambiro. Ningefanya nini? Nikatafuta muntu wa kuiuzia, naye aamini rangi.

Kwa hiyo lile fundo halikuwa la kulinda moteri. Lilikuwa la kuficha. Na mimi nilikuwa nimeifungua ile aibu mbele ya kijiji nzima, na kiti yangu mbele.

Akamugeukia bwana yangu.

— Naweza kutoka hapa sasa hivi niseme moteri yangu ya kweli iliibwa. Ulikata kamba peke yako. Nani atanibisha?

— Siye tuliisukuma, nikasema. Ilikuwa inalia hivyo hivyo mbele ya kufika hapa. Wanamuke wote walisikia.

— Mama, wale wanaokuja kukamata muntu hawaulizagi nani alisukuma.

Ilikuwa kweli.

Na huyu bwana yangu, munafikiri alisema nini?

— Patro, shofere wako azime ile moteri.

— Nini?

— Inavuta hewa. Ukienda nayo hivyo itakufia njiani, mahali ambapo hautaki kusimama. Usikie. Ile ni moteri muzuri, musiiue.

Akatuacha pale. Ningekuwa na mwiko ningemupiga. Muntu anakwambia atakuharibia maisha, na weye unasikiliza kamyo! Alikwenda mupaka barabarani, akaweka mukono juu ya kapo ya ile kamyo, vile unaweka mukono juu ya mutoto mwenye homa. Konvuayeri mumoja akataka kuifungua. Bwana yangu akamushika mukono.

— Hapana.

Akageuka, akaita kwa sauti, watu wote wakisikia:

— Patro! Kuja usimame hapa. Sifungui kama weye hauko.

Mvua tu kwenye mabati. Patro alisimama karibu yangu, sikuthubutu kumuangalia. Halafu akatembea. Polepole, na matope yake, akaenda kusimama mbele ya kapo.

Bwana yangu akafungua. Bashi ikatandikwa. Kila kitu alichotoa alikiinua juu, akakionesha, akakiweka.

— Hii ya kwako. Hii ya kwako. Hii mupira ya mazutu imepasuka, hapa njo hewa inaingia. Ya kwako, hata kama imepasuka.

Patro aliangalia ile mikono ikifanya kazi. Mupira ikakatwa, ikafungwa upya, pompe ikatolewa hewa. Wakati bwana yangu alikuwa bado ameinama, Patro akamuuliza, sasa bila ukali:

— Papa Fundi, ile siku ulikata kamba, ulitafuta nini?

— Nilitafuta moteri, Patro. Ile ya silindri kumi na mbili. Tangu ujana naitafuta.

Patro akatoa pumzi.

— Hata miye niliitafuta.

Shofere akawasha. Kamyo ikakohoa mara moja, halafu ikashika, sauti nzito, ya chini, iliyonyooka. Bwana yangu akafunga macho kidogo. Patro akageukia watu, akajipangusa uso.

— Musikie nyinyi wote. Moteri niliyoacha hapa njo ile ile nimekuta. Hakuna kilichoibwa.

Katekista akasema amina, kama tuko kanisani. Mama Katekista akaanza kucheka, nikamukanyaga muguu.

Wakafunga ile kapo nyekundu na kamba ya mbuzi yangu, fundo la kawaida. Kamyo ikaivuta nyuma, ikashuka nayo upande wa Sake. Sijui iliishia wapi. Bwana yangu hakuiangalia ikienda. Alisikiliza kamyo mupaka haikusikika tena.

Jua lilikuwa bado halijaingia. Nilipika, nikaita nyumba yote: batoto, mukamwana wangu, na bwana yangu, aliyekuja wa mwisho akinawa mikono. Mumoja akanyoosha mukono kwenye chungu. Nikaupiga.

— Kuanzia leo, mu nyumba hii, kitu ya muntu haifunguliwe kama mwenyewe hasimami pale. Kapo, gunia, sufuria, hata kifuniko ya chupa. Na weye Papa, njo wa kwanza. Sasa mukule.